Namna ya Kudai Gharama za Safari Kwenye Kodi ya Mapato Unapofanya Kazi za Mkataba Nje ya Nchi: Mwongozo kwa Wataalamu wa Dodoma na Kanda ya Kati

Tangu Serikali ihamishie shughuli zake Dodoma, mji huu umepata idadi kubwa ya wataalamu wanaojitegemea: wapima ardhi, wahandisi wa maji, wanajiolojia, wahasibu, watengenezaji wa programu za kompyuta, na wahadhiri wanaofanya ushauri wa kitaalamu nje ya saa zao za kufundisha. Wengi wao hupata mikataba mifupi Kampala, Nairobi, Kigali au Lusaka. Wanajilipia nauli na malazi, wanalipwa fedha ambayo tayari imekatwa kodi na nchi ya mteja, kisha wanarudi nyumbani na kutakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hapo ndipo swali linapozuka: je, fedha zilizotumika safarini zinaweza kupunguza kodi?

Zinaweza, lakini ni vema kuelewa mapema nafuu hiyo inafanyaje kazi. TRA haikurudishii nauli. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inakuruhusu kutoa katika mapato ya biashara gharama zilizotumika zote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato hayo; kodi inatozwa kwenye kinachobaki. Nauli ya shilingi 1,000,000 kwa mtu ambaye kipato chake cha juu kinaangukia daraja la asilimia 30 inampunguzia kodi shilingi 300,000. Hiyo si fedha ndogo, hasa kwa mtu anayesafiri mara kwa mara, lakini haitoshi kuifanya safari isiyo na faida iwe na faida. Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara, na unachukulia kwamba mwaka wako wa mapato ni mwaka wa kalenda.

Hatua ya kwanza: tambua unafanya kazi kama nani

Haki ya kutoa gharama inategemea kama wewe ni mwajiriwa, mfanyabiashara binafsi au kampuni, na mtu mmoja anaweza kuwa zaidi ya mmoja kati ya hao katika mwaka uleule.

Mwajiriwa anayetumwa nje na mwajiri wake hana ritani ya kutolea gharama za safari, kwa kuwa sheria inaruhusu makato hayo kwenye mapato ya biashara na uwekezaji, si kwenye mshahara. Kinachomlinda ni kanuni nyingine: posho ya safari au ya kujikimu ambayo ni marejesho tu ya fedha aliyoitumia kikamilifu kwa ajili ya kazi haihesabiwi kuwa sehemu ya mshahara wake. Neno lenye uzito hapo ni «marejesho». Posho ya jumla inayotolewa bila kuulizwa ilitumikaje, tena ikizidi kwa mbali gharama halisi, inaweza kuhesabiwa kuwa manufaa ya ajira na kukatwa kodi ya Lipa Kadiri Unavyopata. Kwa hiyo mwajiriwa anapaswa kufanya retirement, yaani kurejesha hesabu ya safari pamoja na risiti kwa mhasibu wa ofisi yake, na mambo yake yanaishia hapo.

Ukiwa umesajili kampuni na wewe ni mkurugenzi wake, kampuni ndiyo inayosaini mkataba na ndiyo inayodai gharama. Mbele ya sheria wewe na kampuni yako ni watu wawili. Ukilipa tiketi kwa fedha yako ya mfukoni, iandikie kampuni dai la marejesho na kampuni ikulipe kupitia benki. Vinginevyo gharama inabaki kwako, mahali ambapo haiwezi kutolewa.

Mtaalamu binafsi mwenye TIN (namba ya utambulisho wa mlipakodi) ya biashara ndiye anayehusika zaidi na hatua zinazofuata, na kwake liko onyo moja ambalo wengi hulipuuza. Wapo wanaosema, «Mimi nakadiriwa tu,» wakimaanisha kwamba wanalipa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo ya mwaka bila kuandaa hesabu. Mfumo huo uliwekwa kwa ajili ya mtu binafsi mkaazi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara yenye chanzo ndani ya Tanzania, na tena hauruhusu kutoa gharama yoyote. Malipo ya kazi uliyoifanya Kampala hayana chanzo Tanzania. Ukishakuwa na mkataba wa nje, unatakiwa kuingia kwenye utaratibu wa kuandaa hesabu kamili za mapato na matumizi, na ni afadhali umweleze afisa kodi wako jambo hilo mwanzoni mwa mwaka kuliko yeye aligundue mwishoni.

Hatua ya pili: hakikisha ukaazi wako wa kikodi

Mkaazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, popote yalipopatikana. Asiye mkaazi hutozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania tu. Kutokana na tofauti hiyo umeenea uvumi kwamba mtu akikaa nje zaidi ya siku 183 katika mwaka basi ameondoka mikononi mwa TRA. Kipimo cha siku 183 kipo, lakini kinamfanya mtu aliyekaa Tanzania kwa siku hizo awe mkaazi. Hakimtoi kwenye ukaazi mtu aliyeondoka. Ikiwa una makazi ya kudumu hapa, tuseme nyumba yako Nkuhungu au Area C, na ulikuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo wa mapato, wewe ni mkaazi. Kuna pia kipimo cha tatu, cha mtu aliyekuwepo nchini katika mwaka husika na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka.

Kwa mtaalamu wa kawaida wa Dodoma anayekwenda na kurudi, jibu ni ukaazi. Maana yake ni kwamba mapato ya nje yanaingia kwenye ritani, na kwa sababu yanaingia, gharama za kuyapata nazo zinaingia. Mtu anayeficha mapato ya Kampala hawezi kudai nauli ya kwenda Kampala.

Hatua ya tatu: andika safari ndani ya mkataba

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji atulie, kwa sababu madai mengi ya gharama za safari huharibika kabla ya tiketi kununuliwa. Afisa kodi anapokagua gharama ya safari anauliza maswali mawili: safari hii ilihusiana na mapato gani, na nani alibeba gharama yake? Mkataba mzuri unayajibu yote mawili. Unataja mahali kazi inapofanyika, tarehe au awamu za kwenda huko, na kifungu kinachoeleza kama nauli, malazi na usafiri wa ndani viko juu ya mtaalamu au juu ya mteja.

Zipo njia tatu za kupanga jambo hilo, na kila moja ina matokeo yake ya kikodi.

Njia ya kwanza ni mteja kununua tiketi na kulipa hoteli moja kwa moja. Hapo wewe hujatumia chochote, kwa hiyo huna cha kudai, hata kama tiketi ina jina lako. Kudai gharama iliyolipwa na mwingine ni kutoa taarifa ya uongo kwenye ritani, na mkaguzi huligundua kwa kukosa malipo yanayolingana kwenye taarifa yako ya benki.

Njia ya pili ni wewe kulipa, kisha kuongeza kiasi hicho kwenye ankara kama marejesho. Hapo kanuni ni kuingiza pande zote mbili: marejesho uliyopokea yaonekane kwenye mapato, na gharama ionekane kwenye matumizi. Kuna wanaoingiza gharama na kusahau marejesho, na hivyo kujipatia punguzo la kodi kwa fedha waliyokwisha kurudishiwa.

Njia ya tatu ni bei moja ya jumla, ambapo mtaalamu hujilipia kila kitu ndani ya ada yake. Ni rahisi kuiandika, lakini ina mtego upande wa nchi ya mteja. Uganda, kwa mfano, hukata kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla ya kukulipa, ya asilimia 15 kwenye malipo ya huduma kwa asiye mkaazi wake, na makato hayo hufanyika kwenye kiasi ghafi cha ankara bila kutazama gharama zako. Ukiweka nauli na hoteli ndani ya ada, asilimia 15 inakatwa hata kwenye fedha ya nauli, ambayo si faida yako kamwe. Kwa sababu hiyo, panapowezekana, mimi hupendelea njia ya kwanza kwa vitu vikubwa, yaani tiketi ya ndege na hoteli, na kumwachia mtaalamu ajilipie vitu vidogo vinavyobaki. Dai la gharama litakuwa dogo kwenye ritani, lakini fedha itakayobaki mkononi itakuwa kubwa zaidi.

Hatua ya nne: andaa jalada kabla ya kuondoka

Fungua jalada moja kwa kila mkataba, la karatasi au la kielektroniki. Weka humo mkataba uliosainiwa, barua ya mwaliko au maagizo ya kazi, na ratiba ya safari. Nunua tiketi kwa jina linalofanana na jina lililo kwenye TIN. Kwa manunuzi yanayofanyika hapa nchini, dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) yenye jina na TIN yako. Muuzaji anawajibika kuitoa, na mnunuzi asiyeidai naye anatenda kosa. Hii ni pamoja na hoteli ya kulala Dar es Salaam ukisubiri ndege, mafuta ya gari, na ada ya wakala wa tiketi. Sehemu ya safari iliyo ndani ya nchi, kama vile treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kabla ya kupanda ndege ya Entebbe, ni sehemu halali ya safari ya kazi ikiwa ofisi yako iko Dodoma, kwa hiyo hifadhi tiketi yake pia.

Bima ya safari, viza, na chanjo ya homa ya manjano inayotakiwa kuingia nchi kama Uganda ni gharama zinazotetewa kwa urahisi pale zinapofuatana na mkataba mahsusi. Pasipoti yenyewe ni suala jingine. Pasipoti ya kielektroniki ya shilingi 150,000 inadumu miaka 10, na utaitumia hata kwenye harusi ya binamu yako Nairobi. Ni vigumu kusema ilipatikana kwa ajili ya biashara tu, na kwa kiasi hicho sioni sababu ya kuanzisha mabishano.

Hatua ya tano: weka kumbukumbu ukiwa safarini

Nunua daftari dogo, au tumia jedwali kwenye simu, na kila jioni uandike tarehe, ulikokwenda, uliyekutana naye, ulichokifanya, na ulichotumia kwa sarafu ya huko. Kumbukumbu iliyoandikwa siku ileile ina nguvu ambayo jedwali lililotengenezwa mwezi Juni wa mwaka unaofuata haliwezi kuwa nayo, na wakaguzi wenye uzoefu hutofautisha hizo mbili kwa kutazama tu.

Risiti za mashine hufifia haraka, hasa zikikaa kwenye gari wakati wa jua la Oktoba hapa kwetu. Zipige picha siku uliyozipata na uhifadhi zote mbili. Ujumbe wa simu wa malipo unathibitisha kwamba fedha ilitoka, lakini hauelezi ulinunua nini, kwa hiyo uambatanishe na ankara. Kwa bodaboda na daladala, ambako risiti hazitolewi, andika kwenye daftari mahali ulipotoka, ulipokwenda na kiasi. Kiasi kidogo chenye maelezo ya kina mara nyingi hueleweka. Kiasi kikubwa kilichoandikwa «usafiri wa mjini» bila ufafanuzi hukataliwa, na ni haki kikataliwe.

Hati iliyo katika lugha isiyo Kiswahili wala Kiingereza, kama risiti za Kifaransa kutoka Bujumbura au Lubumbashi, Kamishna wa TRA anaweza kukutaka uitafsiri kwa gharama yako. Andika maelezo mafupi ya Kiswahili pembeni mwa nakala wakati bado unakumbuka risiti ilihusu nini.

Kabla ya kuondoka nchi ya mteja, omba cheti cha kodi ya zuio kinachoonyesha jina lako, kiasi ghafi, kodi iliyokatwa, tarehe na mamlaka iliyopokea. Hati hii ni muhimu kuliko risiti zote za hoteli zikijumlishwa, kwa sababu zitakazoelezwa kwenye hesabu hapa chini. Kuipata ukiwa bado unadai malipo ya mwisho ni rahisi. Kuipata miezi sita baadaye kwa kupiga simu ni kazi nyingine kabisa.

Hatua ya sita: chambua gharama moja baada ya nyingine

Ukirudi, tenga gharama katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile zisizo na ubishi: nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya usiku wa kazi, usafiri kati ya hoteli na eneo la kazi, viza, mizigo ya vifaa vya kazi, na mawasiliano yanayohusu kazi. Hizi huingia zote.

Fungu la pili ni zile zisizoingia. Sheria inakataza kutoa matumizi binafsi, nayo inayatafsiri kwa upana kuwa ni pamoja na gharama za mtu kujitunza mwenyewe, familia yake au nyumba yake. Nauli ya mwenzi aliyekusindikiza, nguo, zawadi za nyumbani, matembezi ya Jumapili, na faini za barabarani ziweke kando. Vifaa vya kudumu havitolewi kwa mkupuo kama gharama ya safari: kompyuta mpakato uliyoinunua Nairobi, au gari ulilonunua kwa ajili ya kwenda kwenye miradi, huingia kwenye utaratibu wa uchakavu, ambao kwa daraja la kompyuta na magari madogo ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka, na kwa magari yasiyo ya biashara kuna ukomo wa thamani inayokubaliwa.

Fungu la tatu ndilo lenye shida, na linahitaji uamuzi wa mtu mwenye busara. Tuseme ulikwenda Kampala kwa kazi ya siku tisa, ukabaki siku tatu zaidi kwa dada yako Entebbe. Ikiwa kazi ndiyo iliyokupeleka, nauli inabaki kuwa ya kazi, lakini malazi, chakula na usafiri wa siku tatu za ziada viondolewe, na uandike mwenyewe kwenye jalada kwamba umeviondoa. Ikiwa ulikuwa unakwenda kwa dada yako hata hivyo, na mteja akakupa kikao cha asubuhi moja, usidai nauli. Kati ya hali hizo mbili gawanya kwa uwiano wa siku na uonyeshe namna ulivyogawa. Mgawanyo uliofanywa na mlipakodi mwenyewe, ukaelezwa, huheshimiwa zaidi kuliko dai la jumla ambalo afisa analazimika kulikata kwa makadirio yake.

Chakula cha safarini ni kigumu zaidi. Mtu hula hata akiwa nyumbani, na ndiyo maana afisa anaweza kukiona kuwa ni kujitunza. Ushauri wangu ni kudai chakula cha siku za kulala nje kwa ajili ya kazi tu, kwa kiasi cha kawaida, chenye risiti, na kilichoandikwa peke yake badala ya kuchanganywa na malazi, ili kikikataliwa kisiburute bili ya hoteli.

Vipi kuhusu safari ya kutafuta kazi ambayo haikuzaa mkataba? Mtaalamu aliyekwenda Lusaka kuwasilisha zabuni na akaikosa bado anaendesha biashara ileile iliyokuwepo, na gharama hiyo inatetewa akiwa na tangazo la zabuni na uthibitisho wa kuiwasilisha. Safari ya kwenda kuangalia kama inafaa kufungua biashara mpya kabisa haina utetezi huo.

Ikiwa umesajiliwa kwa VAT (Kodi ya Ongezeko la Thamani) na umekwisha kujirudishia VAT ya manunuzi ya hapa nchini, ingiza gharama bila VAT hiyo.

Hatua ya saba: badili sarafu na uweke gharama kwenye mwaka wake

Hesabu za kodi huandaliwa kwa shilingi ya Tanzania. Tumia kiwango cha kubadilishia fedha cha siku ambayo gharama au mapato yalitambuliwa. Viwango vya kila siku vya Benki Kuu ya Tanzania vinapatikana kwenye tovuti yake, na ni vema kuchapisha ukurasa wa siku husika na kuuweka kwenye jalada. Usitumie kiwango kizuri kwa gharama na kingine kwa mapato.

Mtaalamu binafsi anaweza kuandaa hesabu kwa msingi wa fedha taslimu (kuhesabu fedha inapopokelewa au kulipwa) au wa malimbikizo (kuhesabu pale haki ya kulipwa au deni linapojitokeza), lakini asibadilishe kila mwaka kwa kufuata kinachomfaa. Kampuni hutumia malimbikizo. Safari iliyoanza Desemba na kuisha Januari igawanywe kwa msingi uliouchagua.

Hatua ya nane: kokotoa gharama pamoja na nafuu ya kodi ya nje

Watu wengi hukokotoa mambo haya mawili mbalimbali, kama vile hayajuani. Sheria inampa mkaazi nafuu kwa kodi ya mapato aliyolipa nje, lakini nafuu hiyo haiwezi kuzidi wastani wa kiwango chake cha kodi cha Tanzania ukizidishwa kwa mapato ya nje yanayotozwa kodi. Mapato hayo huhesabiwa baada ya kutoa gharama. Hivyo kila shilingi ya nauli unayoitoa hupunguza kodi yako, na wakati huohuo hushusha ukomo wa nafuu ya kodi ya nje.

Chukua mfano wa mhandisi wa visima mwenye ofisi Dodoma. Kazi zake za Singida na Manyoni zimemwachia faida ya shilingi 20,000,000. Mteja wa Uganda amempa mkataba wa shilingi 40,000,000, akamkata asilimia 15, yaani shilingi 6,000,000. Gharama zake za safari zilizokubalika ni shilingi 9,000,000. Mapato ya nje baada ya gharama ni 31,000,000, na jumla ya kipato chake ni 51,000,000.

Kwa viwango vya mtu binafsi mkaazi, shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Zinazofuata hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8. Hadi 9,120,000 asilimia 20. Hadi 12,000,000 asilimia 25. Na zinazozidi hapo asilimia 30. Kodi ya shilingi 12,000,000 za kwanza ni 1,536,000. Zilizobaki, 39,000,000, zinaleta 11,700,000. Jumla ni 13,236,000, ambayo ni wastani wa takriban asilimia 25.95 ya kipato chote. Ukomo wa nafuu ni wastani huo kwa 31,000,000, yaani takriban 8,045,000. Kodi ya Uganda ya 6,000,000 iko chini ya ukomo, hivyo inaingia yote, na mhandisi anabaki kudaiwa 7,236,000. Bila kudai safari, kodi yake kabla ya nafuu ingekuwa 15,936,000. Gharama za safari zimemwokolea 2,700,000 kamili.

Sasa badili jambo moja tu: gharama za safari ziwe 25,000,000, kwa sababu alilazimika kusafirisha mitambo na mafundi kwa barabara kupitia Kahama hadi Mutukula. Mapato ya nje yanashuka hadi 15,000,000 na kipato chote hadi 35,000,000. Kodi ni 8,436,000, wastani ni takriban asilimia 24.10, na ukomo wa nafuu ni takriban 3,615,000. Kati ya 6,000,000 alizokatwa Uganda, takriban 2,385,000 zimezidi ukomo, na haziwezi kupunguza kodi ya kazi zake za Singida. Sheria inamruhusu kuacha nafuu hiyo na badala yake kuichukua kodi ya nje kama gharama, lakini katika mfano huu angepata nafuu ndogo zaidi: 6,000,000 kwa asilimia 30 ni 1,800,000 tu. Mhandisi huyu angepona kwenye mkataba, kwa kumtaka mteja asafirishe mitambo mwenyewe, na si kwenye ritani.

Hali mbaya zaidi ni pale gharama zinapozidi mapato ya mkataba. Hasara ya biashara yenye chanzo nje haitolewi kwenye mapato ya ndani. Husubiri mapato mengine ya nje, hata kama ni ya mwaka unaofuata.

Nafuu ya kodi ya nje haitegemei mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Tanzania ina mikataba ya aina hiyo na Afrika Kusini, Zambia, India, Kanada, Denmark, Finland, Italia, Norway na Sweden. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa 2010 umebaki bila kuanza kutumika. Ukipata kazi katika mojawapo ya nchi zenye mkataba, omba TRA cheti cha ukaazi wa kikodi kabla ya kutuma ankara ya kwanza, kwa sababu huenda mkataba ukapunguza au kuondoa makato ya huko.

Hatua ya tisa: wasilisha makadirio na ritani

Makadirio ya kodi ya mwaka (usiyachanganye na kodi ya makadirio ya hatua ya kwanza) huwasilishwa hadi tarehe 31 Machi, na kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukipata mkataba wa nje katikati ya mwaka, rekebisha makadirio ukizingatia mapato, gharama na kodi iliyokatwa nje, kwa pamoja. Ritani ya mwisho huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani hadi tarehe 30 Juni, kupitia mfumo wa mtandao wa TRA. Ritani ya kampuni huthibitishwa na mhasibu mwenye sifa aliyesajiliwa na NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu). Kwa mtu binafsi mwenye mikataba ya nje, naona ada ya mhasibu huyo ni fedha inayojilipa.

Kwenye hesabu, usifiche safari ndani ya fungu la «gharama nyinginezo». Ipe mstari wake, na uambatanishe jedwali linaloonyesha kila safari, mkataba wake, tarehe, kiasi kwa sarafu ya nje, kiwango cha kubadilishia na kiasi kwa shilingi. Nyaraka zote zihifadhiwe nchini kwa muda usiopungua miaka mitano.

Hatua ya kumi: ukikataliwa

Afisa anaweza kukataa sehemu ya gharama na kutoa tathmini ya kodi iliyo juu kuliko ya ritani yako. Omba kwanza maelezo ya kila kipengele kilichokataliwa, na uende ofisini na jalada. Mara nyingi tatizo ni cheti kilichokosekana au risiti isiyosomeka. Msipokubaliana, pingamizi la maandishi kwa Kamishna Mkuu liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu kupokea tathmini, likieleza sababu za kila kipengele. Ili pingamizi lipokelewe, unatakiwa kulipa kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kutegemea ipi ni kubwa, ingawa unaweza kuomba kiasi hicho kipunguzwe kwa kutoa sababu za msingi. Uamuzi wa pingamizi usipokuridhisha, ndani ya siku 30 nyingine unaweza kutoa taarifa ya maandishi ya nia ya kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Kodi, na huko jukumu la kuthibitisha kwamba tathmini ina makosa ni la mlipakodi.